Uvimbe wa kibofu cha mkojo: maswali manne ya kuuliza kabla ya kuchanga nauli



Miaka michache iliyopita, katika parokia yetu hapa Goma, shemasi mmoja alianza kukojoa damu. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kazi, mwenye miaka sitini na kitu. Hakusikia maumivu. Damu ilitoka siku mbili, ikakatika yenyewe. Akamshukuru Mungu, akanyamaza. Baada ya miezi miwili ikarudi, ikakatika tena. Mara ya tatu ilikuja na mabonge, mkojo ukaziba, na ndipo familia ikajua.

Maneno yakaanza mtaani. Wengine walisema ni karuho, kwamba amelishwa sumu na mtu wa kazini. Wengine walinong'ona kwamba ni ugonjwa wa aibu aliouokota ujanani. Ekografi ikaonyesha uvimbe ndani ya kibofu, na familia ikasikia neno moja tu: kansere. Kanisa likachanga. Wamama walitoa, vijana walitoa, mtoto wake mkubwa akauza parseli. Baba yetu akavuka mpaka kwenda kutibiwa.

Daktari aliyempokea huko alimuuliza mambo machache: Ni kansere ya aina gani? Imefika wapi kwenye ukuta wa kibofu? Ni ya daraja gani? Karatasi aliyobeba haikujibu hata moja. Iliandikwa tu kwamba kuna uvimbe. Ikabidi kuanza mwanzo: kamera, kukata kipande, kungoja majibu kwa majuma kadhaa katika chumba cha kupanga. Majibu yalipotoka, sehemu kubwa ya pesa ilikuwa imekwisha kuliwa na chumba, chakula na vipimo. Pesa ya operesheni haikutosha. Alirudi nyumbani, na mwaka uliofuata tukamzika.

Siandiki haya ili kumlaumu mtu. Mimi nilikuwa katika kamati iliyochanga. Tulitoa kwa upendo, lakini hatukujua tunalipia nini. Tangu siku ile nimejifunza kwa waganga namna uvimbe wa kibofu unavyopangwa, na nimeona kwamba mambo haya si magumu kiasi cha kumshinda shemasi au mama wa kanisa. Ni maswali manne. Nayaweka hapa ili parokia nyingine isipitie tulipopita.

Damu kukatika si kupona

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya kitovu. Figo mbili zinachuja damu, na takataka zinashuka kama mkojo na kungoja ndani ya mfuko huo mpaka mtu aende msalani. Kwa hiyo kila sumu inayochujwa na figo inakaa saa nyingi ikigusa ngozi ya ndani ya kibofu. Ndiyo sababu sigara, ambayo moshi wake unaingia mapafuni, ni chanzo kikubwa cha kansere ya kibofu: sumu yake inapita katika damu na kuishia katika mkojo. Mwaka 1895, daktari Mjerumani Ludwig Rehn aligundua jambo kama hilo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi huko Frankfurt. Walikuwa wanavuta hewa ya kemikali kazini, na uvimbe ukatokea katika kibofu.

Si kila damu katika mkojo ni kansere. Inaweza kuwa maambukizo, mawe ya figo, tezi ya wanaume, au kichocho, ambacho wengi wetu tunakiita bilharziozi. Lakini damu isiyo na maumivu, hasa kwa mtu aliyepita miaka arobaini, lazima itafutiwe sababu. Uvimbe wa kibofu hutoa damu na kuacha, kisha hutoa tena. Siku inapoacha, uvimbe bado uko palepale. Kwa wamama hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu damu hiyo hudhaniwa ni ya mwezi au ni maambukizo ya kawaida, na mwaka mzima unapita kwa antibiotiki.

Hapa nawaomba wachungaji wanisikilize. Mtu akiombewa na damu ikakatika, tumshukuru Mungu pamoja naye. Kisha tumpeleke apimwe. Bwana Yesu mwenyewe, alipowaponya wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Na mtu ambaye bado hajapona asinyimwe nafasi ya kutibiwa kwa sababu tulimpa kipaza sauti mapema mno.

Swali la kwanza: ni aina gani?

Neno "uvimbe" ni jina la mlangoni tu. Kujua kilicho ndani ya nyumba kunahitaji daktari aingize kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, akate kipande, na kipande hicho kitazamwe kwa darubini na daktari wa patolojia. Ekografi na skana zinaonyesha kwamba kitu kipo, na ukubwa wake. Haziwezi kusema ni cha aina gani.

Aina kuu ni tatu. Ya kwanza inatokana na ngozi ya ndani ya kibofu yenyewe, na inaitwa urotheliali. Ulaya na Amerika, karibu kansere tisa katika kumi za kibofu ni za aina hii, na ndiyo inayohusiana sana na sigara. Ya pili inaitwa epidermoidi: seli zake zimekuwa bapa na ngumu, zikifanana na ngozi ya nje ya mwili. Ya tatu ni adenokarsinoma, inayotokana na seli za kutoa ute, nayo ni ya nadra zaidi.

Kwa nini aina itujali sisi wa mashariki? Kwa sababu ya kichocho. Mnyoo wa kichocho cha mkojo unaishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai. Mayai mengine yanatoka na mkojo, mengine yanakwama katika ukuta wa kibofu kwa miaka. Ukuta unachubuka, unapona, unachubuka tena, mpaka ngozi laini ya ndani inageuka kuwa ngumu na bapa. Katika ngozi hiyo iliyogeuka ndipo kansere ya epidermoidi huanza. Mnyoo huo uligunduliwa na Theodor Bilharz huko Kairo mwaka 1851, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere liliuweka rasmi katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansere kwa binadamu.

Mfano wa karibu nasi uko Mwanza, Tanzania, kusini mwa ziwa Victoria. Madaktari wa hospitali ya Bugando walipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa kansere ya kibofu, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Zaidi ya nusu walikuwa na aina ya epidermoidi, na katika vipande vya wengi wao mayai ya kichocho yalionekana kwa darubini. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, wakati Ulaya ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume. Kichocho kilibadilisha sura yote ya ugonjwa.

Katika nchi yetu, kichocho kinachosikika zaidi huku Kivu na Ituri ni cha tumbo, kinachoharibu ini. Kile cha mkojo kinajulikana zaidi upande wa Maniema na Katanga ya zamani. Lakini watu wetu wametembea. Katika benchi moja la kanisa hapa Goma anaweza kukaa mtu aliyekulia Kasongo na mwingine aliyekulia Masisi. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari alikokulia, na kama utotoni aliwahi kukojoa damu baada ya kuoga mtoni. Ni habari inayosaidia.

Watu wa Goma wanajua kuuliza

Kabla ya maswali yanayofuata, tukumbuke volkano. Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kila mtu mjini aliuliza mambo mawili: moto umefika wapi, na unatembea kwa kasi gani? Hayo ni maswali mawili tofauti. Moto unaweza kuwa bado mbali lakini unakimbia. Unaweza pia kuwa karibu lakini umepoa na kusimama, kama ule wa 2021 uliosimama upande wa Buhene kabla ya kuingia katikati ya mji. Mtu aliyejua jibu moja tu hakujua kama akimbie au abaki.

Madaktari nao wanauliza hivyo hivyo. "Umefika wapi" wanaiita hatua. "Unatembea kwa kasi gani" wanaiita daraja. Wengi wetu tunachanganya mambo haya mawili, na ndiyo sababu tunasikia "daraja la tatu" na kudhani mtu amebakiza siku tatu.

Swali la pili: umefika wapi?

Fikiri ukuta wa nyumba zetu za hapa. Ndani kuna rangi. Chini ya rangi kuna lipu ya simenti. Nyuma ya lipu kuna makoro, mawe yenyewe ya volkano yanayobeba nyumba. Nje ya makoro kuna uwanja, na baada ya uwanja kuna nyumba ya jirani. Ukuta wa kibofu uko hivyo: ngozi ya ndani, tabaka jembamba chini yake, misuli minene, mafuta yanayozunguka kibofu kwa nje, na viungo vya jirani.

Hatua inaandikwa kwa herufi T na alama nyuma yake. Mpango huu ulianzishwa na daktari Mfaransa Pierre Denoix katika miaka ya 1940, na leo unatumika dunia nzima, kwa hiyo karatasi ya Goma inasomeka Kigali, Kampala au Brussels.

Ta ni uvimbe ulioota kwenye rangi tu, kama kiuyoga kidogo kinachoning'inia ndani ya kibofu. Haujaingia kwenye lipu.

Tis ni doa lililolala bapa kwenye rangi. Halina kimo, na kwa macho linaweza kuonekana kama wekundu tu. Msidanganywe na ulaini wake. Doa hili lina daraja la juu siku zote, na likiachwa bila matibabu, kwa karibu nusu ya wagonjwa huingia ndani ya ukuta.

T1 ni uvimbe ulioingia kwenye lipu lakini haujagusa makoro.

T2 umeingia katika misuli. Hapa ndipo mpaka mkubwa ulipo. Kabla ya misuli, daktari anaweza kukwangua uvimbe na kuokoa kibofu. Ukishaingia katika misuli, kukwangua peke yake hakutoshi.

T3 umetoboa misuli na kufika kwenye mafuta ya nje, yaani uwanjani. T4 umefika kwa jirani: tezi ya mwanaume, kizazi cha mwanamke, au ukuta wa nyonga na tumbo.

Karibu na T mtaona herufi N na M. N inasema kama uvimbe umefika kwenye matezi ya limfu. N0 maana yake hapana. M inasema kama umeruka mbali, kwenye mapafu, ini au mifupa. M1 maana yake ndiyo. Haya mawili hayaonekani katika kipande kilichokatwa. Yanahitaji skana na picha za kifua.

Katika nchi ambazo watu hupimwa mapema, karibu wagonjwa watatu katika wanne wanakutwa kabla uvimbe haujaingia katika misuli. Ile aina ya epidermoidi ya kichocho, kwa kawaida, hukutwa ikiwa imekwisha kuingia. Na kwetu, mtu anaponyamaza miezi minane kwa aibu au kwa kutafuta aliyemlisha karuho, yeye mwenyewe anaisogeza T yake mbele.

Swali la tatu: je, misuli imo katika kipande?

Swali hili linasahauliwa, lakini ndilo lingeokoa pesa nyingi za makanisa. Daktari wa patolojia hawezi kusema kama uvimbe umeingia katika misuli ikiwa kipande alicholetewa hakina misuli. Ni kama kumletea fundi kipande cha rangi na kumuuliza kama mawe yamepasuka. Atajibu tu kuhusu rangi.

Kwa hiyo ripoti nzuri inasema mambo mawili: kama misuli ya kibofu imo katika sampuli, na kama imeguswa. Katika ripoti zetu za Kifaransa tafuteni neno "musculeuse" au "détrusor". Ikiwa imeandikwa kwamba misuli haionekani, na uvimbe ni wa daraja la juu au ni T1, kukwangua mara ya pili kunahitajika, kwa kawaida baada ya majuma mawili hadi sita. Hata wakati misuli imo, T1 mara nyingi hukwanguliwa tena ili kuhakikisha hakuna kilichobaki. Daktari anayesema "turudie" hatafuti pesa. Anataka kujua ukweli kabla ya kumwondolea mtu kibofu au kumwacha nacho.

Swali la nne: ni daraja gani?

Daraja linatokana na sura ya seli zenyewe. Daktari wa patolojia anatazama: je, seli hizi bado zinafanana na seli za kawaida na zimejipanga kwa utaratibu, au zimeharibika, viini vyake ni vikubwa na vyeusi, zinagawanyika ovyo? Zile zinazofanana na za kawaida hutembea polepole. Zile zilizopoteza sura hukimbia.

Kwa kansere ya urotheliali mtakutana na namna mbili za kuandika, na hii inachanganya watu. Ya zamani, ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1973, ina ngazi tatu: G1, G2, G3. Mpya, ya mwaka 2004, ina ngazi mbili tu: daraja la chini, ambalo kwa Kifaransa huandikwa "bas grade", na daraja la juu, "haut grade". Ilibadilishwa kwa sababu wagonjwa wengi sana walikuwa wanatupwa katika ngazi ya kati, ya G2, na ngazi ya kati haikumsaidia daktari kuamua. G1 yote iko katika daraja la chini, G3 yote iko katika daraja la juu, na G2 imegawanywa pande zote mbili. Maabara nyingi huandika namna zote mbili pamoja. Msione G2 na "haut grade" katika ukurasa mmoja mkadhani karatasi imekosewa.

Kwa aina ya epidermoidi ngazi ni tofauti: huandikwa kama seli zimekomaa vizuri, wastani, au vibaya. Kukomaa vibaya ndiko kubaya zaidi.

Majibu manne yakikutana

Sasa tuone kwa nini neno kansere peke yake halitoshi. Tuwafikirie watu watatu katika parokia moja, wote wameambiwa wana kansere ya kibofu.

Wa kwanza ana urotheliali, Ta, daraja la chini. Uvimbe wake umekwanguliwa kupitia njia ya mkojo, na siku chache baadaye yuko nyumbani. Uvimbe wa namna hii unapenda kurudi, hata kwa nusu ya wagonjwa au zaidi, lakini ni wachache sana ambao unaingia katika misuli. Anachohitaji ni kuangaliwa kwa kamera, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, kisha kwa randevu atakazopewa. Kanisa lisimuuzie shamba. Limsaidie nauli ya kila randevu, na lihakikishe kwamba anakwenda hata akijisikia mzima. Tena aache sigara.

Wa pili ana T1, daraja la juu. Hajaingia katika misuli, lakini moto wake unakimbia. Atakwanguliwa mara ya pili, kisha mara nyingi atawekewa dawa ndani ya kibofu. Moja ya dawa hizo ni BCG, ya ukoo uleule wa chanjo ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto wetu, ingawa kipimo chake ni kikubwa zaidi. Daktari Alvaro Morales na wenzake huko Kanada walionyesha faida yake mwaka 1976. Inaamsha askari wa mwili ndani ya kibofu. Matibabu yake ni ya majuma mengi, kwa hiyo kabla ya safari lazima kuuliza kama dawa ipo huko anakokwenda na kwa muda gani atakaa.

Wa tatu ana T2, hakuna alama mbali. Kwake, kukwangua mara kumi ni kupoteza muda. Anahitaji operesheni kubwa ya kuondoa kibofu chote na kutengenezewa njia nyingine ya mkojo, mara nyingi baada ya kemoterapi, au mionzi pamoja na kemoterapi ikiwa operesheni haiwezekani. Huyu ndiye ambaye kanisa linapaswa kuchangia haraka na kwa wingi, kwa sababu kila mwezi unahesabika.

Na yupo wa nne, ambaye karatasi yake ina M1. Kwake matibabu ni ya kupunguza nguvu za ugonjwa, kutuliza maumivu na kuzuia damu. Kumwambia auze nyumba ili aende mbali kutafuta operesheni isiyomfaa ni kumwachia mjane deni. Anahitaji dawa ya maumivu, kitanda safi, watu wa kukaa naye, na mchungaji asiyemkimbia.

Mkono mmoja wa kanisa hauwezi kupima watu hawa wanne kwa kipimo kimoja. Bwana alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Karatasi ya maabara ndiyo inayotuketisha kuhesabu.

Kipande kinachosafiri

Kipande kikikatwa, mara nyingi kinapelekwa katika mji mwingine kusomwa, na familia ndiyo inayokibeba. Hapa mengi huharibika. Kipande kikae katika formalini, si katika maji, si katika serumu, si katika pombe ya dukani. Formalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande. Chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kilipokatwa, na ifuatane na barua ya daktari inayoeleza alichokiona kwa kamera. Chupa isiyo na jina ni operesheni iliyofanyika bure. Majibu yakitoka, tengenezeni nakala tatu: moja kwa mgonjwa, moja kwa familia, moja picha katika simu ya mtu mwaminifu. Sisi wa Goma tumejifunza kwa uchungu kwamba nyumba inaweza kuachwa usiku mmoja.

Jambo jingine: msivuke mpaka kabla ya kuuliza kama matibabu yapo upande wa pili. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, ambayo ilikuwa pekee katika Uganda nzima, iliharibika, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati ya hapo, mgonjwa aliyefika na begi lake bila kupiga simu alikuta chumba kimefungwa. Rwanda nayo ina kituo cha kansere cha Butaro tangu 2012, na mionzi Kigali tangu 2019. Lakini hospitali moja haifanyi kila kitu. Ile inayotoa kemoterapi si lazima iwe ndiyo inayoondoa kibofu. Na tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, kila safari inatugharimu zaidi ya zamani, kwa pesa na kwa hofu. Karatasi inayotumwa kwa simu kwa daktari wa huko, kabla mgonjwa hajapanda gari, inaweza kuokoa safari nzima.

Kazi ya parokia

Katika kamati yetu tumeamua jambo dogo. Mtu akiletwa kwetu na habari ya uvimbe wa kibofu, mchango wa kwanza hauendi kwenye nauli. Unalipia kamera, kipande na usomaji wake, hapa karibu ikiwezekana. Mmoja wa mashemasi anamsindikiza mgonjwa kwa daktari na daftari lenye maswali manne: aina gani, umefika wapi, misuli imo, daraja gani. Daktari hachukii kuulizwa. Aliyemhudumia jirani yetu wa karibuni alichukua kalamu akachora kibofu katika daftari lile, na mgonjwa mwenyewe akaelewa.

Pili, tumekubaliana kutolitaja karuho mbele ya mgonjwa. Tangu tuanze kuuliza maswali haya, tumeona kwamba neno hilo lilikuwa linajaza nafasi ya majibu yaliyokosekana. Majibu yakija, ugomvi na jirani unapoa.

Tatu, wamama wanaofundisha wasichana, na wababa wanaofundisha vijana, waseme wazi juu ya damu katika mkojo. Yule mwanamke wa Injili ya Marko alitokwa damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote kwa waganga, na alikuja kwa Yesu kwa siri kwa sababu ya aibu. Bwana hakumwacha arudi kwa siri. Alimwita mbele ya watu, akamsikiliza akisema ukweli wote, akamwita binti. Katika makanisa yetu wako watu ambao leo wanaangalia mkojo wao na kumwaga maji haraka ili mtu asione. Tuwafungulie mlango waseme mapema, wakati uvimbe bado uko kwenye rangi.

Shemasi wetu alijenga sehemu ya ukuta wa kanisa letu kwa mikono yake. Kila Jumapili nikikaa karibu na ukuta ule, nakumbuka karatasi aliyoibeba kuvuka mpaka, yenye neno moja tu. Bwana atusaidie tusimpe mtu mwingine karatasi kama ile.